Nimeshika Kumi

Neno lililomchoma lilikuwa "anajifunza". Si kwamba hakuzoea maneno ya kazini. Penye ujenzi mtu huitwa punda kabla ya chai na ndugu yangu baada ya chai, na hakuna anayenuna. Lakini hili lilitoka kinywani mwa baba yake mzazi, mbele ya mteja, naye akiwa palepale, amepiga magoti sakafuni na mwiko mkononi, hatua tano tu kutoka waliposimama.

"Ni msichana wangu huyu, Sista," Baba alisema. "Bado anajifunza."

Miaka kumi na mmoja. Hebu niambie ni kitu gani mtu anajifunza miaka kumi na mmoja asikimalize. Udaktari wenyewe hauchukui muda huo.

Sista alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali hiyo ndogo, na jengo jipya la wodi lilikuwa mikononi mwake tangu siku ya kuchimba msingi. Asubuhi hiyo alikuja kuangalia korido. Alisimama mlango wa mbele, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Korido ilikuwa na urefu wa mita ishirini. Safu tano za vigae zilikuwa zimeshalazwa kuanzia ukuta wa kushoto, vigae vyeupe vya mraba, sentimita arobaini kila upande. Kilichobaki kilikuwa ukanda wa zege tupu kando ya ukuta wa kulia, unaongojea vigae vya kukata. Na ukanda huo, ukisimama mlangoni, uliuona bila kuambiwa: hapa mpana, kule mwisho mwembamba.

"Vigae vinakwenda upande," Sista alisema. "Hata mtoto anaona. Ving'olewe vyote. Narudi saa tisa, na nataka kumjua anayeng'oa na anayeweka upya."

Akaondoka na viatu vyake vya mpira visivyotoa sauti. Baba hakumtazama binti yake. Alijifanya anakagua fremu ya dirisha ambayo ilikaguliwa wiki iliyopita.

Watu wa kazini walimwita binti huyo Milimita. Jina alilipata kwa kaka yake mkubwa, siku alipomlazimisha kubomoa kizingiti kizima kwa sababu kimepanda juu milimita moja. Kaka mtu alilalamika mpaka jua likatua kwamba dada yake huyu, akifa, atafufuka kwanza aje kulipima kaburi. Vibarua wakacheka, jina likaganda. Yeye hakulichukia. Alichokichukia ni lile la Baba, "msaidizi wangu", ambalo mzee alilitumia kwa kila mteja, hata kwa wale waliokuja wenyewe kuulizia ni nani aliyelaza sakafu ya jirani yao.

Kundi lao lilikuwa la familia. Baba, ambaye alianza kujenga kuta kabla mji haujawa na lami. Kaka, aliyeitwa Chapchap, kwa kuwa kila jambo kwake lilikuwa chapchap, twende. Na yeye wa vigae. Wengine walikuwa vibarua wa kuitwa kazi ikizidi.

Ila safari hii Baba alikuwa ameahidi. Ng'ambo ya ua wa hospitali ingejengwa nyumba ya wauguzi, vyumba ishirini na vinne, na Sista alikuwa anatafuta fundi wa vigae. "Korido hii ikiisha," Baba alisema mwezi uliopita, "nitamwambia Sista, huyu ndiye fundi, ongea naye mwenyewe." Milimita alilala na neno hilo na kuamka nalo. Alinunua tepu mpya ya kupimia na nyundo mpya ya mpira. Alishaamua hata vyumba vya kona ataanza navyo vipi. Sasa haya ndiyo malipo: anajifunza. Ni nani mwenye akili timamu atampa vyumba ishirini na vinne mtu anayejifunza?

Alimfuata Baba stoo ya saruji. Mzee alikuwa amekaa juu ya mfuko, anamimina chai kutoka kwenye chupa.

"Baba, vigae vyangu vimenyooka."

"Najua."

Hilo hakulitegemea. "Unajua?"

"Nimekufundisha mimi, kwa nini nisijue? Wewe ukilaza kigae, kinalala." Mzee akapuliza chai. "Tatizo ni ukuta."

"Basi mbona hukumwambia?"

Baba aliweka kikombe chini na kukizungusha kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pa tambarare. "Mwanangu, nisikilize. Tukisema ukuta ni mbovu, tumekwisha sote. Mtu wa kuta ni kaka yako. Ana mke, ana watoto watatu, na jina lake ndilo linaloleta kazi nyumbani. Lako bado halijaota mizizi. Wewe ukikosea watu watasema, ah, msichana huyo, atazoea. Watakusamehe. Yeye hawatamsamehe."

"Kwa hiyo nibebe zigo la Chapchap."

"La familia."

"Na nyumba ya wauguzi?"

"Nyumba zinajengwa kila siku."

Lo. Alitamani kuipiga teke ile chupa ya chai ikagonge ukuta wa pili. Miaka yote hiyo alimsikia mzee huyuhuyu akisema kwamba uzi hauna undugu. Ukiuvuta kutoka hapa mpaka pale, hauulizi wewe mtoto wa nani, unaonyesha kilichopinda, basi. Aliwaambia vibarua, aliwaambia wateja, aliwahi kumwambia hata mchungaji aliyetaka ngazi ya kanisa imalizwe hivyohivyo. Kumbe uzi hauna undugu mpaka siku utakapomgusa mwanawe wa kiume.

"Asiyesikia la mkuu," Baba alianza.

"Huvunjika guu," Milimita alimalizia. "Basi livunjike langu kwa kosa langu, Baba. Si kwa kosa la Chapchap."

Akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

Alirudi koridoni na uzi na ile tepu mpya, ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa inakaa ndani ya begi, kwa sababu Baba aliiita ya kitoto na hakutaka kuiona kwenye kazi yake. Leo aliitoa. Kwa hasira aliyokuwa nayo, ilimbidi apime kila kitu mara mbili.

Alianza na kona ya mlangoni, ukuta wa mbele unapokutana na ukuta wa kushoto. Alitumia tatu, nne, tano, njia aliyofundishwa na Baba kwa kamba yenye mafundo hata kabla hajaingia shule. Huku sentimita tisini, huku mia na ishirini, na kutoka alama hii mpaka ile, kwa mshazari, mia na hamsini kamili. Pembetatu ikitoa hesabu hiyo, kona yake ni pembe mraba, hakuna mjadala. Ukuta wa kushoto ulikuwa umekaa sawasawa. Kisha akapima kutoka ukuta huo hadi ukingo wa safu ya tano, kila baada ya mita mbili, mpaka mwisho wa korido. Mia mbili na mbili. Mia mbili na mbili. Mia mbili na mbili. Ukuta wa kushoto na mistari ya vigae vilikwenda sambamba kuanzia mlango mpaka mlango.

Halafu akapima ule ukanda mtupu. Mlangoni, sentimita ishirini na nane. Katikati, ishirini na tatu. Mwisho, kumi na nane.

Alikaa chini akaegemea ukuta. Kumi kamili. Kosa la mkono mzembe huwa na vipande vipande, saba na nusu, kumi na moja na ushee. Hili lilikuwa kumi, bila kupungua wala kuzidi, na katika kundi lao kumi ilikuwa na historia.

Tepu ya Baba ilikatika ncha zamani, ikaondoka na ndoano yake na sentimita kadhaa za mwanzo. Mtu mwingine angenunua nyingine siku ileile. Baba alisema chuma cha zamani hakina mfano, akaendelea nayo, na akaitungia sheria. Msaidizi anashika alama ya kumi ukutani na kuita, "Nimeshika kumi." Fundi, aliye upande wa pili, anajibu, "Naongeza kumi," ndipo anaweka alama. Ukitaka mita mbili na thelathini, unaweka alama kwenye mbili na arobaini. Kuita ni kazi ya msaidizi, kujibu ni kazi ya fundi. Miaka kumi na mmoja Milimita alikuwa anaita. Kujibu hakujibu hata siku moja.

Sasa aliona kila kitu. Upande wa mlangoni mtu aliongeza kumi, ukuta ukakaa kwenye mbili na thelathini kama ramani inavyotaka. Upande wa mwisho mtu huyo hakuongeza, ukuta ukaingia ndani, mbili na ishirini. Alama mbili, moja sahihi na moja mbovu, na ukuta mzima umenyooka vizuri kabisa kutoka kwenye ukweli kwenda kwenye uongo.

Chapchap alikuwa nje, juu ya jukwaa, anapiga lipu huku anapiga mluzi. Mluzi huo ndio uliommaliza Milimita.

"Kaka, shuka."

"Nina lipu mbichi hapa."

"Nimesema shuka."

Akashuka, anajifuta mikono kwenye suruali. Alipoona tepu mpya mkononi mwa dada yake alielewa, maana uso wake ulibadilika.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini, "funika kombe mwanaharamu apite. Tunang'oa safu mbili tatu, tunaziinamisha polepole, kosa tunaligawa huku kidogo na huku kidogo. Jicho la mtu halishiki kitu kama hicho."

"Unakumbuka vile vijiti vinne vya Baba?"

Alikumbuka, nani angesahau. Walipokuwa wadogo Baba aliwapigilia vijiti vinne vya urefu mmoja, msumari mmoja kila kona, vikawa mraba. Kisha akausukuma kwa kidole, ukalala upande. Pande ni zilezile, hakuna kilichokatwa wala kuongezwa, zinazotazamana bado ziko sambamba, lakini mraba umekwenda zake, umebaki msambamba. Aliwaambia kwamba pande zinaweza kukudanganya, kwa hiyo pimeni kona kwa kona.

"Vijiti vinasukumika," Milimita alisema. "Kigae kimechomwa kwenye tanuri, kaka, kona yake haisukumiki. Ukiinamisha safu, viungo vinafunguka huku na kubanana kule. Kati ya kuta mbili zinazokaribiana huwezi kujaza miraba mitupu, hata umwite fundi wa wapi."

Chapchap akajaribu utani, kama kawaida yake. "Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga vyote kwa mpigo mmoja."

Dada mtu hakucheka. Alimwambia yote. Kwamba amesahau kumi, kitu anachokijua tangu meno ya utotoni. Kwamba Jumamosi, alipomwonyesha kuwa ukanda unapungua, alimjibu kata tu twende. Kwamba yeye Milimita ndiye anayepakwa matope mbele ya mteja ili mwanamume mzima mwenye ndevu aendelee kupiga mluzi juu ya jukwaa. Alimwita mzembe, akamwita mwoga, akamwita yai la Baba lisiloguswa. Vibarua wawili waliokuwa wanachanganya mchanga walikumbuka ghafla kwamba wana kiu, wakaenda bombani.

Chapchap alimwacha mpaka pumzi ikamwishia.

"Mwisho wa korido sikuwepo," alisema.

"Usinitanie."

"Siku ile lori la mchanga lilipotea njia, nikalifuata mpaka barabara kuu. Mlangoni ndiyo, nilishika mimi, nikaita, Baba akajibu. Niliporudi nilikuta mwisho wa korido ameshapima peke yake. Alipigilia msumari kwenye kumi ukamshikia tepu." Alitazama vidole vyake. "Nikajenga juu ya alama zake. Ningempima Baba mimi?"

 Msumari hauiti. Mzee alipima bila sauti ya upande wa pili, na kwa kuwa hakuitwa, hakujibu. Kumi yake ilikuwa kwenye midomo ya watu, haikuwa kichwani.

"Anajua?"

"Jumamosi uliponiambia, nilimwambia.  Jumapili akaniambia, wakiuliza, sema ni wewe. Nikakubali. Mimi nimezoea kuitwa mzembe, neno moja zaidi haliniui. Sikujua kwamba leo atakushika na wewe."

Hapo ndipo hasira yenyewe ilipokuja. Ile ya asubuhi ilikuwa kionjo tu. Angeweza kumsamehe baba anayempendelea mwana wa kiume. Alizaliwa akakuta hivyo, na dunia imejaa mababa wa namna hiyo. Lakini huyu hakumlinda mtu. Alijificha nyuma ya mwanawe, na alipoona mwana hatoshi kumfunika, akamvuta na binti. Na juu ya yote alikaa juu ya mfuko wa saruji akasema la familia, sauti haikutikisika. Milimita alimkasirikia kwa uongo, na alimkasirikia zaidi kwa sababu sasa ilimbidi achague, na kila alichochagua kilikuwa na jina la mtu wake.

Saa tisa kamili Sista alirudi. Baba alikuwa amebadili shati. Chapchap alisimama karibu na dirisha, mikono nyuma. Milimita alikuwa ameandaa fito mbili za mbao, amezikata mwenyewe.

"Sista, kabla hatujang'oa, naomba dakika tano."

"Nina wagonjwa, binti."

"Tatu."

Sista aliitazama saa iliyoning'inia kifuani mwake. "Tatu."

Milimita alimpa ufito wa kwanza, mfupi, uliokatwa kutoka ukuta wa kushoto mpaka ukingo wa safu ya tano. "Ushike hivi, ncha moja iguse ukuta. Tembea nao mpaka mwisho, uangalie ncha ya pili."

Muuguzi mkuu hakuzoea kuamrishwa, lakini alitembea, ameinama na gauni lake la kazi, mita ishirini zote. Ncha ya pili haikutoka kwenye ukingo wa vigae hata pahali pamoja. Alirudi mlangoni.

"Sasa huu." Ufito wa pili ulikuwa mrefu, umekatwa kutoka ukuta mpaka ukuta, hapo mlangoni. Ulikaa vizuri. "Tembea nao."

Sista alipiga hatua moja, ufito ukakwama. Akausukuma. Ukakwaruza lipu na kugoma. Akaurudisha nyuma, ukakaa. Akausogeza mbele, ukakwama tena.

"Mistari sambamba haikutani, Sista, hata uirefushe mpaka mwisho wa dunia. Vigae na ukuta wa kushoto ni sambamba, umeona mwenyewe. Kuta hizi mbili si sambamba. Zikiendelea hivi zitakutana pale kwenye kituo cha mafuta. Ukining'oesha mara kumi nikaweka upya mara kumi, ukanda utabaki vilevile, kwa sababu kosa haliko sakafuni."

Sista aliuweka ufito chini taratibu. Alitazama ukuta wa kulia kwa muda, kisha akawageukia wanaume. "Nani alipima ukuta huu?"

 Milimita alimtazama Baba. Alimpa nafasi, haki ya Mungu alimpa. Alivihesabu vigae vya safu ya kwanza kutoka mlangoni, polepole, mpaka cha saba. Kila kigae alichohesabu alimwomba moyoni aseme neno moja tu, mimi, na angemsamehe vyote, chai na mfuko wa saruji na miaka kumi na mmoja. Mzee alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

"Ni mi..." Chapchap alianza.

"Kaka, nyamaza." Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Alama za ukuta huu aliweka Baba. Kaka alijenga juu ya alama alizopewa. Vigae nimelaza mimi, na havina kosa."

Sista alimgeukia mzee. "Asubuhi uliniambia anajifunza."

 Baba alitoa tepu yake ya zamani mfukoni, akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, na ndipo akamtazama binti yake.

"Haya, fundi," alisema. "Malizia."

Akatoka kwa mlango wa mbele, shati safi mgongoni. Hilo ndilo neno. Alilingoja tangu akiwa na miaka kumi na sita, na alishaliwazia kwa kila namna, mbele ya wateja, mbele ya mama yake, hata siku ya msiba. Hakuwahi kuwaza kwamba litatupwa hivi, na kwamba atatamani kulirudisha.

"Vitanda vitapita?" Sista aliuliza.

"Hata viwili kwa pamoja."

"Basi ukuta hatuubomoi. Huo ukanda utaufanyaje?"

"Nitakata vigae hamsini, kila kimoja na kipimo chake. Havitakuwa miraba wala mistatili. Kila kimoja ni trapeza, pande mbili sambamba na ubavu mmoja unaofuata ukuta. Kila kigae kinapungua milimita mbili. Kikikatwa vizuri mgonjwa hatajua."

Sista alitikisa kichwa kukubali. Mlangoni alisimama. "Nyumba ya wauguzi, nitaongea na wewe. Si na mzee. Na vipimo vya kuta nataka uvikague wewe kwanza."

Milimita alisema asante. Alipobaki peke yake alichukua mwiko akaupiga sakafuni mara tatu, na haukumsaidia kitu. Jioni Baba alikula chumbani kwake, na mama alipowauliza kuna nini, kila mtu akainamia sahani yake.

Asubuhi ya pili ilikuwa ya kukata. Chapchap alikuwa nje kwenye mashine, amejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na haraka. Milimita alipima ndani. Kila kigae kilitaka vipimo viwili, ubavu huu na ubavu ule, na kila kimoja kiliandikwa namba nyuma kwa penseli, maana hakuna viwili vilivyofanana. Kazi hiyo inataka watu wawili. Tepu mpya iliteleza kila alipoivuta, akairudisha, ikateleza tena, naye alikuwa anaitukana kwa majina.

Alikuwa amefika kigae cha kumi na moja Baba alipoingia. Ilikuwa saa mbili na nusu. Mzee huyu hakuwahi kuchelewa kazini hata siku aliyooa. Alipita kando ya dirisha, tepu yake ya zamani ikiwa palepale alipoiacha, hakuigusa. Akaja mpaka ukingoni mwa safu ya tano, akashika ukuta, akapiga magoti, goti moja kwanza, la pili baadaye.

Milimita alikuwa na hotuba nzima kichwani. Aliitunga usiku kucha, ilikuwa na mwanzo na katikati, na mwisho wake ulikuwa mkali kuliko mwanzo. Baba hakusema samahani. Hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, kwa mtu yeyote. Mzee alinyoosha mkono, akaichukua ncha ya tepu ya kitoto, akaibana kwenye ukingo wa kigae kwa kidole gumba. 

"Nimeshika sifuri," alisema.

Milimita alivuta tepu mpaka ukutani. Ishirini na sita kamili. Hasira yake ilikuwa haijapungua hata milimita. Mzee alikuwa anangoja, uso chini, kama inavyompasa aliyeita.

"Fundi," alisema tena. "Nimeshika sifuri."

"Siongezi kitu," Milimita alijibu, akaweka alama.